Tunataka kwenda Jinja na familia: kuna kitu cha kuona huko, na kichocho je?

"Habari yako kaka. Sisi tunaishi Nairobi na Desemba tunataka kutoka nje ya nchi kidogo bila kutumia pesa ya ndege. Mume wangu amesikia Jinja ni kuzuri, ati unasimama hapo unaona Nile ikimwagika kutoka ziwani. Tutakuwa na watoto wawili, mmoja miaka 16 na mwingine 9, na mama mkwe wangu ana miaka 70 na ana presha. Mkubwa anataka rafting, ile ya kushuka mawimbi ya mto kwa boti ya mpira, amejazwa na video za TikTok. Sasa shemeji yangu alienda mwaka jana anasema hakuna kitu, unapandishwa boti unaonyeshwa maji halafu unarudishwa. Na jirani ananiambia maji ya huko yana kichocho watoto wasiguse kabisa. Tuna siku nne na gari letu wenyewe. Twende ama tunapoteza pesa? Na tupitie Busia ama Malaba?"

Dada, asante kwa kuandika na miaka ya kila mtu, hiyo ndiyo inafanya swali lijibike. Vile nakusoma una hofu mbili, kwamba mtafika mkute hakuna cha kuona, na kwamba watoto watarudi na ugonjwa. Zote zina ukweli ndani yake lakini umeambiwa nusu nusu. Acha nianze na shemeji.

Shemeji hakudanganya. Maporomoko ambayo mume wako ameyasikia yalikuwepo kweli. Speke, yule mpelelezi Mwingereza, alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862, na ukumbuke huyu mzungu hakujileta peke yake, msafara wake ulikuwa na Sidi Mubarak Bombay ambaye ndiye alikuwa macho na mdomo wake njia nzima, alikuta ziwa linamwagika juu ya mawe likianza kuwa mto. Akayaita Ripon, jina la bwana mmoja wa kule Uingereza. Sasa serikali ya kikoloni ikajenga bwawa la umeme la Owen Falls mbele kidogo, Malkia Elizabeth akalifungua mwaka 1954, na bwawa lolote lazima lirudishe maji nyuma ndiyo yapate kimo cha kuangukia mitambo. Maji yakapanda, maporomoko ya Ripon yakazama na mpaka leo yako chini. Bwawa lenyewe siku hizi linaitwa Nalubaale, na pembeni yake kuna lingine, Kiira.

Kwa hiyo ukipanda boti pale Source of the Nile unaona nini? Unaona mto mpana umetulia, ndege kama korongo na mnandi wamejianika juu ya miti, na pahali fulani maji yanazungukazunguka na kububujika kidogo. Mwenye boti atakuambia hizo ni chemchemi za chini ya ardhi na ndiyo Nile yenyewe inazaliwa, wengine wanakupa mpaka asilimia. Mimi hiyo hesabu ya chemchemi siikubali. Kububujika ni maji yakipita juu ya mawe yaliyobaki chini. Ziwa Victoria maji yake mengi, kama sehemu nne kwa tano, ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, halafu iliyobaki inaletwa na mito, Kagera ikiwa kubwa, na ya kwetu Nzoia, Yala, Nyando na Sondu. Na mlango wa kutokea ni mmoja tu, ni hapo Jinja. Kwa hiyo mwambie huyo wa miaka 9 kwamba Nzoia ile inafurika Budalang'i tunaiona kwa habari kila mvua kubwa, maji yake yanapita chini ya hiyo boti yakielekea Misri. Kwangu hiyo inatosha kulipia boti, lakini kama mtu ameenda akitarajia maporomoko kama Thomson's Falls ya Nyahururu lazima arudi amenuna.

Tatizo halijaishia Ripon. Picha nyingi za Jinja zinazozunguka mtandaoni ni za Bujagali, yale maporomoko ambayo vijana walikuwa wanajirusha na mtungi wa plastiki watalii wakilipa. Hayo nayo yalizama bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012, na haikuwa jambo dogo kwa Wasoga, wenyeji wa huko, kwa sababu pale ndipo mzimu wa Budhagali ulikuwa unakaa na kulikuwa na mabishano marefu kuhusu nani anaweza kuuhamisha na kwa matambiko gani. Kisha mwaka 2019 likafunguliwa bwawa la Isimba chini zaidi, likameza mawimbi ambayo watu wa kayaki, vile vijiboti vyembamba vya kasia, walikuwa wanatoka dunia nzima kuyafuata. Kwa hiyo ukiona picha au video ya Jinja kitu cha kwanza angalia ni ya mwaka gani. Ukipigiwa hesabu ya "kuona Bujagali Falls" ujue utaonyeshwa ziwa la bwawa, zuri sana jioni, lakini ni ziwa.

Basi kumebaki nini? Kumebaki kipande katikati ya bwawa la Bujagali na maji ya Isimba, na hapo ndipo ningewapeleka. Kuna maporomoko ya Kalagala upande wa magharibi na Itanda upande wa mashariki, mto umegawanyika unapita pande mbili za kisiwa. Hayakubaki kwa bahati, wakati wa kujenga Bujagali serikali ya Uganda ilikubaliana na Benki ya Dunia kwamba Kalagala isiguswe, na ndiyo maana Isimba ilibidi maji yake yasipandishwe mpaka huko. Itanda unafika kwa gari kutoka mjini, barabara ya vumbi mwishoni, unatembea kidogo kwa nyasi na mawe halafu unasikia kabla hujaona. Maji ni meupe, yanajikunja nyuma yenyewe, mwamba mweusi umelowa pembeni. Mama mkwe atakaa kwa kiti juu aangalie, mdogo unamshika mkono. Unajua Itanda watu wa rafti wenyewe kipande cha juu hawapiti? Wanashuka, wanabeba rafti wanazunguka kwa miguu, wanaingia tena chini. Ukiona wenye kazi wanashuka ujue.

Hapo tunaingia kwa mkubwa wako. Watu wengi wanafikiri rafting ni ya anayejua kuogelea sana, si hivyo. Unavaa jaketi la kuelea na helmeti, mnaanza kwa maji yaliyotulia, kiongozi anaipindua rafti makusudi ndiyo mjifunze kushika kamba na kurudi ndani, na kando kuna jamaa wa kayaki kazi yao ni kuokota waliodondoka. Asiyejua kuogelea anaenda pia ila aseme mapema, asione aibu. Kinachonitisha si kuogelea, ni kijana anayeogopa kusema anaogopa. Mawimbi ya huko mengine ni daraja la tano, na juu ya hapo ni la sita ambalo kibiashara hawapeleki wateja, kwa hiyo rafti kupinduka siyo ajali, ni sehemu ya siku. Kampuni nyingi zinakubali kuanzia miaka 16 kwa hiyo safari kubwa, nyingine zina safari ya upole ya mto huohuo inayokwepa makubwa. Kabla ya kulipa uliza mambo haya: kayaki za uokoaji ni ngapi, jaketi ziko saizi ya mwanao au ataogelea ndani yake, bima inalipa nini hasa, na mkifika Itanda mnazunguka au hamzunguki. Akijibu kwa kukuambia "usijali madam" tafuta kampuni nyingine.

Wa miaka 9 sahau mawimbi. Kuna boti za jioni pale kwa maji ya bwawa la Bujagali, kuna farasi, kuna baiskeli kwa vijiji vya kando ya mto, hatachoka.

Watu huwa wananiuliza msimu. Sagana, kwetu wanakofanya rafting ya mto Tana, ukienda wakati hakujanyesha unakwaruza mawe, sasa wanafikiri Jinja ni hivyohivyo. Jinja ni tofauti kwa sababu ziwa ni kama tangi la juu ya nyumba na mabwawa ndiyo bomba, mvua ya wiki hii haibadilishi kitu, kinachobadilisha ni umeme unaohitajika. Wakifungulia mitambo mingi mto unapanda, wakipunguza unashuka, siku hiyohiyo moja. Ndiyo sababu nakuambia msikae kuchezea mawe ya kando ya mto chini ya bwawa hata kama pako pakavu na wengine wanafua nguo. Wenyeji wanajua saa zake, nyinyi hamjui. Miaka ziwa likipanda sana, kama 2020, hata pale Source kwenyewe ukingo unamezwa, kwa hiyo mkikuta mambo yamesogezwa msishangae.

Sasa kichocho, na hapa nitakaa kidogo.

Jirani yako amesema kweli kwamba kipo. Kipo Jinja vile kipo Kisumu, Mbita, Homa Bay na kwa mashamba ya mpunga Mwea. Lakini siyo kwamba maji yote yana sumu. Vile inaenda ni hivi: mtu mwenye ugonjwa anajisaidia karibu na maji, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono wadogo wa majini, vinakaa humo vinazaana, halafu vinatoka vikiwa na umbo lingine vikitafuta ngozi ya mtu. Havihitaji kidonda wala kumeza maji, vinapenya ngozi nzima kwa dakika chache tu. Konokono hao wanapenda pahali maji yametulia, kina kifupi, kuna majani, na karibu na watu. Na vijidudu vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa tano mpaka saa tisa hivi. Ukiweka hayo pamoja unaona hatari kubwa iko wapi: ni ule ufuko mdogo mtamu wa hoteli wenye majani ambapo watoto wanacheza miguu majini mchana kutwa na wazazi wanaona ni salama kuliko mto. Katikati ya mto maji yanakimbia, hatari inapungua, haiishi. Hata rafting kuna vipande vya maji yaliyolala ambapo wanakuambia ruka uogelee.

Kwa hiyo mdogo aogelee kwa swimming pool ya hoteli, basi. Mkubwa akienda rafting akubali kuna uwezekano na mpange kupima. Kujifuta haraka na taulo kunasaidia kidogo, usikutegemee.

Na kuna kosa moja naliona sana hapa Nairobi. Watu wanatoka Jinja jumapili, jumatatu wanaenda kwa duka la dawa wanameza praziquantel, dawa ya kichocho, wanasema wamejikinga. Hiyo dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga haiimudu vizuri, na wiki ya kwanza yote bado ni michanga. Umemeza, umetulia moyo, na minyoo inaendelea kukua. Nenda kapime baada ya kama wiki sita mpaka nane, na umwambie daktari ulikuwa wapi na uliingia maji tarehe gani, juu kichocho cha Ziwa Victoria mara nyingi ni kile cha matumbo, kipimo chake kinaanzia kwa choo na siyo mkojo tu. Lakini kabla ya hapo, mtu akipata homa, vipele vinavyowasha, kikohozi kikavu au tumbo wiki chache baada ya kurudi, msisubiri hizo wiki sita, nendeni hospitali.

Homa nayo usiiite kichocho kwa haraka. Busoga, yaani eneo lote la Jinja, ina malaria kali na sisi wa Nairobi hatuna kinga nayo, mtu aliyezaliwa na kulelewa Nairobi akiumwa na mbu huko anaugua kama mgeni wa Ulaya. Ongea na daktari au mfamasia kuhusu vidonge vya kujikinga, mlale kwa neti, na homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya safari ipimwe siku hiyohiyo.

Nirudi kwa mazuri. Mji wenyewe watu wanaupita tu kukimbilia mto na mimi naona wanakosa. Asubuhi kabla jua halijawa kali tembeeni Main Street na mama. Nyumba za Wahindi wa zamani zimepangana pande zote mbili, varanda juu ya duka, nakshi za sementi, na nyingine mwaka wa kujengwa umechongwa pale juu kabisa, inueni macho, kwa sababu chini huko ni maduka ya simu tu. Jinja ulikuwa mji wa viwanda, pamba na nguo na sukari ya Kakira, kisha mwaka 1972 Idi Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke na mji ukabaki maganda kwa miaka mingi. Pale Source kuna sanamu ya Gandhi, sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mtoni mwaka 1948. Kuna makaburi ya wanajeshi wa Vita vya Pili, pametunzwa vizuri na kimya. Na kama mama ni Muanglikana, Kyando kule Mayuge ndiko Askofu Hannington aliuawa Oktoba 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, baada ya kuja kwa miguu kutoka upande wetu akipitia Mumias. Waganda waliogopa mtu yeyote anayeingilia mlango wa mashariki. Miaka kumi na miwili baadaye askari Wasudani walioasi wakiwa Eldama Ravine walitembea mpaka maeneo hayohayo ya Busoga wakashika ngome ya Luba, chifu wa huko. Yaani historia ya huko na ya Bonde la Ufa ni kitabu kimoja, sisi tulisomeshwa kurasa tofauti.

Chakula sina maneno mengi: rolex asubuhi (chapati iliyokunjwa na mayai), samaki jioni. Mkipata nafasi ya kusogea upande wa Kampala mtapita msitu wa Mabira, na mbele yake Namawojjolo wanawapigia dirishani na kuku wa mishikaki na ndizi ya kuchoma. Ila msisimame kupiga picha pale bwawani, kuna askari na hawana mchezo, na hata lile daraja jipya la nyaya lililofunguliwa 2018 litazameni mkitembea na gari.

Njia. Nairobi mpaka Kisumu ni kama kilomita 350, Kisumu mpaka Busia 110 hivi, Busia mpaka Jinja kwa Bugiri na Iganga mia na ishirini na kitu. Mkilala Kisumu pitieni Busia, mkilala Eldoret pitieni Malaba, tofauti si kubwa ila Malaba malori ni mengi. Mipaka yote miwili siku hizi unasimama mara moja tu, ukitoka huku unamalizana na Kenya na Uganda upande wa Uganda. Nyinyi wakubwa kitambulisho cha taifa kinatosha. Watoto hawana, kwa hiyo pasipoti, au uulize Uhamiaji mapema kuhusu hati ya muda, usiniletee hadithi ya cheti cha kuzaliwa usiku wa kuamkia safari. Gari libebe logbook, na kama iko kwa jina la mtu mwingine au la benki upate barua ya ruhusa, na bima iongezwe kadi ya njano ya COMESA kabla hujatoka Nairobi. Ndege mpaka Entebbe ni saa moja hewani lakini ukishuka bado una msongamano wa Kampala mbele yako, sioni faida.

Siku nne ndizo zinanisumbua. Mbili zinaisha barabarani, na Desemba ile barabara ya Nakuru unaijua. Na mama wa miaka 70 mwenye presha, mkiendesha moja kwa moja miguu itavimba na siku ya kwanza Jinja atalala. Ongezeni iwe siku tano, mlale Kisumu kwenda, msimame kila saa mbili atembee, dawa zake zikae kwa mkoba wake siyo kwa buti. Mkishindwa kuongeza siku, kusema ukweli ningemaliza hizo nne Sagana na Thika, mkubwa apate rafting yake ya Tana, mdogo aone Fourteen Falls, na Jinja mngoje Agosti shule zikifungwa.

Jambo la mwisho, na hili ulifanye kabla ya kulipia hoteli. Uganda wanataka cheti cha homa ya manjano. Sindano ni moja maisha yote na inatakiwa iwe imechomwa angalau siku kumi kabla. Nyinyi na watoto nendeni tu mchomwe. Mama hapana, usimpeleke naye kwa foleni hivihivi. Hiyo ni chanjo yenye kirusi hai kilichodhoofishwa, na mtu aliyepita miaka 60 akichomwa kwa mara ya kwanza hatari ya madhara makubwa inapanda, ni nadra lakini ipo. Tafuteni kwanza kama ana cheti cha zamani, wengi wazee wetu walichomwa wakasahau. Kama hana, aende amwone daktari wake anayemtibu presha, amwambie safari ni ya siku ngapi na anaenda wapi, na huyo daktari ndiye ataamua kama anachomwa au anaandikiwa barua ya kusamehewa. Mimi kwa simu siwezi kulijibu hilo, na yeyote atakayekujibu bila kumwona mama usimsikize.